Butoni ya Pili

Shemeji yangu Bulaimu alikuwa mtu aliyechoka. Ninasema hivyo bila kumcheka, ingawa mtu na shemeji yake wana ruhusa ya kuchekana. Kuna watu huchoka jioni, wakalala, wakaamka wazima. Yeye aliamka na uchovu wake, akauvaa pamoja na kaptula ya kazi, akaenda nao kiwandani na kurudi nao. Ukimsalimu anakutazama mdomo kwanza, halafu macho, ndipo anajibu "Muzuri tu," kwa sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto.

Sisi tulioolewa na wanaume wa kiwanda cha pamba cha Kasongo tulizoea makelele yao. Wote walizungumza vile. Mume wangu Emile alikuwa akiniomba chumvi, jirani wa nyumba ya tatu anajua sombe yangu, mboga ya majani ya muhogo, haina chumvi. Tulisema ni majivuno ya watu wa mshahara. Ukiwaita hawageuki, tukasema ni kiburi kilekile, tukawapigia kelele na sisi. Hivyo ndivyo tulivyoishi, miaka ya mwisho ya utawala wa Wabelgiji, na hakuna aliyeona ajabu.

Bulaimu alikuwa Mubangubangu wa Wamaza, upande wa Kabambare, Mwislamu wa kuzaliwa. Kule kwao, kama kila mahali, serikali ilikuwa inamlazimisha kila mwenye nyumba kulima pamba, na monita, msimamizi wa kilimo, anapita shambani kukagua mistari. Bulaimu alikuwa kijana wakati ule. Akasema kama pamba ni lazima, heri aikute imeshavunwa. Akaja Kasongo kwa miguu, akapata kazi kwenye mashine zenye misumeno inayochambua pamba kutoka kwenye mbegu. Mashine hizo zikianza kulia, watu ndani huzungumza kwa mikono tu.

Alipanga chumba nyuma ya ua wa baba yangu. Dada yangu mkubwa, Sidonie, alikuwa akitwanga muhogo kila asubuhi upande wa huku wa ua, na akitwanga anaimba. Sauti yake ilikuwa nyembamba, ya juu, inapita katikati ya mapigo ya mchi bila kugusana nayo. Mimi nimezaliwa na sauti nzito, nikiimba kanisani padri anaangalia mlango. Sidonie alipewa ya kwake na yangu.

Siku moja Bulaimu akaja kwa baba, akakaa, akasema: "Baba, sura yake bado sijaiona vizuri. Sauti yake naijua." Baba aliguna kwa sababu ya dini, akaguna tena kwa sababu mbuzi wa mahari walikuwa wembamba, lakini alikubali. Mtu anayeoa kwa sikio, baba alisema, hatadanganywa na poda.

Wakapata mtoto mmoja, wa kiume, wakamwita Asani. Kuanzia hapo majina yao wenyewe yakapotea, wakawa Baba Asani na Mama Asani, kama ilivyo kwetu. Mtoto alishikwa na surua katika msimu wa pamba, wakati malori yanatoka Kabambare usiku na mchana. Sidonie alituma mtu kiwandani kumwita baba yake. Kapita, msimamizi wao, akasema mashine haiachwi na pamba mdomoni. Bulaimu alipofika nyumbani jioni, alikuta ua umejaa watu, na watu wamekaa chini.

Sasa sikilizeni desturi ya nyumba yao, kwa sababu bila hiyo hamtaelewa. Kwa akina Bulaimu, huko Wamaza, mama aliyefiwa na mtoto haimbi kwenye kinu mpaka kilio kiondolewe. Na hata kikiondolewa, mume hamwambii aimbe. Kumwomba aimbe ni kumwomba amsahau mtoto, na mume aliyefanya hivyo huonekana hana haya. Anangoja tu. Mke akipona, ataimba mwenyewe.

Shangazi zake wakaja kuondoa kilio. Wakamnyoa Sidonie, wakamwosha, wakampa mchi mpya. Kesho yake asubuhi Bulaimu alikaa kizingitini na kikombe cha chai, akangoja. Akasikia mchi. Akangoja tena. Mchi tu. Akaenda kazini.

Akangoja hivyo mwezi, akangoja msimu, akangoja miaka. Aliamini jambo moja: kwamba dada yangu hajamsamehe kwa ile siku ya mashine, na kwamba kunyamaza kwake ndiyo hukumu. Hakumwuliza. Hakumwambia mtu yeyote, isipokuwa Emile, mume wangu, siku moja njiani. Na Emile, ambaye mdomo wake hufunguka kila mahali isipokuwa panapotakiwa, safari hii akaamua kuwa mtu wa siri. Angeniambia neno moja tu, hadithi hii isingekuwapo.

Watu wa kiwanda walikuwa na bendi yao. Michel alipiga gitaa la kawaida, Emile alipiga tumba, wengine waliimba. Serikali haikutaka mtu mweusi atembee usiku ndani ya sitè, mtaa wetu sisi weusi, kwa hiyo tulicheza dansi Jumapili mchana, jua linatuona, padri anatuona, kila mtu anatuona. Bendi ilikosa sauti ya chini. Michel alikuwa amesikia kwenye redio bendi za Léopoldville zenye gitaa la besi la umeme, na tangu siku ile hakuzungumza jambo lingine.

Duka la Mgiriki, njia ya kwenda soko kuu, lilileta moja. Lilikuwa rahisi kuliko magitaa yote ya umeme kwenye kitabu chake cha picha. Mti wake ulikuwa wa mbao za kubandikwa, umepakwa rangi nyekundu ya kahawia, na rangi ilikuwa imeingia mpaka mahali isipotakiwa. Nyuzi nne nene. Halikuwa na tundu tumboni. Watoto waliuliza mdomo wake uko wapi. Lilikuwa na sumaku ndefu chini ya nyuzi, na vifungo viwili vya kuzungusha, vyeusi, ambavyo wanaume wote waliviita butoni. Ndani hakuna betri, hakuna taa, hakuna mashine. Uzi unatetemeka juu ya sumaku, waya unachukua, basi.

Bulaimu aliuza baiskeli yake akalinunua. Kazini ni mbali, na mtu mwenyewe ndiye yule aliyechoka. Nilimwuliza kama amepata kichaa. Akanitazama mdomo, akasema, "Shemeji, nyumba yangu imenyamaza sana." Nilidhani anasema mambo ya mtoto. Nikanyamaza mimi pia, jambo ambalo si kawaida yangu.

Alimwambia Emile ukweli wote: "Mama Asani alikuwa mutu wa kuimba. Pengine muziki ukilala ndani ya nyumba, ataamka nayo siku moja. Mie siwezi kumwambia. Gitaa itamwambia."

Jioni ya kwanza alikaa nalo chumbani bila waya wala redio, amelikumbatia, mgongo wa gitaa kwenye tumbo lake. Gitaa hilo bila umeme hulia kidogo sana, kama mtu anayezungumza chini ya blanketi, lakini yeye alilipata kwa tumbo. Akapiga polepole, nyimbo za zamani ambazo Sidonie alikuwa akiimba. Sidonie alikuwa jikoni, nyuma ya ukuta wa matete. Bulaimu akapiga na kungoja, akapiga na kungoja. Hakusikia kitu, akaliegemeza gitaa ukutani na kula bugali yake.

Mazoezi ya kwanza ya bendi yalifanyika kwenye banda tupu la pamba, msimu ukiwa umekwisha, kwa sababu sisi wanawake tulikataa makelele nyumbani. Walibeba redio yetu kubwa ya taa na betri ya kamyo, lile lori la kiwanda. Nyuma ya redio kuna matundu mawili ya kuchomeka gramafoni, wakachomeka waya wa gitaa humo. Bulaimu akagusa uzi mnene, na vumbi la pamba likaanguka kutoka kwenye mapaa. Emile alirudi nyumbani anacheka, anasema meno yake yalitikisika.

Lakini hakucheka sana. Butoni ya kwanza, alisema, ni nzima: ukizungusha sauti inakuwa kubwa, ukirudisha inakuwa ndogo. Ya pili imekufa. Mgiriki alisema hiyo ya pili ni ya kubadilisha sauti yenyewe, iwe nene au iwe kali. Bulaimu aliizungusha mpaka mwisho kulia, akapiga. Akaizungusha mpaka mwisho kushoto, akapiga. Sauti ileile. Michel akajaribu, sauti ileile. Emile akajaribu. Waimbaji wakajaribu. Hata mlinzi wa banda, aliyewahi kufanya kazi kwenye mashine kabla mguu wake haujaharibika, akaitwa ajaribu. Wote wakakubaliana kwamba butoni ya pili haifanyi chochote.

Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno. Wahenga hawakuwahi kukutana na bendi ya kiwanda cha pamba.

Walikwenda dukani wote pamoja. Mgiriki alikuwa na shughuli nyingi na uvumilivu kidogo. Alichomeka gitaa kwenye redio yake mwenyewe, akazungusha ile butoni, akapiga uzi, akazungusha tena, akapiga. Akasema, "Inabadilika. Munataka nini tena?"

"Patro, haibadiliki," alisema Bulaimu.

"Inabadilika sana."

Wakatazamana wao kwa wao. Mzungu, katikati ya duka lake, mbele ya watu, anawaambia wamesikia kitu ambacho hawakusikia. Michel alisema baadaye kwamba hajawahi kuona mtu anadanganya kwa utulivu kama ule. Walirudi wamekasirika, na kila mmoja njiani alikuwa na maneno yake kuhusu watu wa maduka. Bulaimu alibeba gitaa begani, na kila alipopita mtu na baiskeli, yeye alimtazama mpaka akapotea.

Habari zikazunguka. Kasongo nzima ikajua Bulaimu ameuza baiskeli nzima akanunua gitaa nusu. Kapita alimwuliza kama baiskeli nayo ilikuwa na gurudumu moja. Sidonie alinijia nyumbani, akakaa kwenye kigoda, akachagua mchele wangu bila kuombwa.

"Anachoka sana," aliniambia. "Na sasa wanamucheka."

"Mwambie auze gitaa."

"Siwezi kumwambia kitu, Émérance. Yeye hapana kunisikiliza siku nyingi."

Nikasema wote hawatusikilizi, hao ni watu wa kiwanda. Hakucheka. Alisema taratibu kwamba kuna kutosikiliza na kutosikiliza. Akamaliza mchele akaenda zake. Nilimwona amekonda, nikasema nitamletea mafuta ya mawese, na sikufikiri zaidi.

Bendi ikaamua kumwita Abdallah, fundi wa redio. Alikuwa mzee mwembamba, mpole, anayetembea na bisibisi mfukoni kama wengine wanavyotembea na tasbihi, ingawa na tasbihi pia alikuwa nayo. Alikuja kwetu Jumapili baada ya watu kutoka misa. Redio ilikuwa mezani uani, betri chini ya meza, wanaume wamezunguka. Mimi nilikuwa kwenye moto. Sidonie alikuwa amekuja kunisaidia, amekaa nyuma kabisa karibu na ukuta wa jikoni, ametupa mgongo, anamenya ndizi.

Abdallah akafungua kifuniko cha gitaa. Ndani palikuwa na waya chache tu na kitu kidogo cha kahawia, mfano wa punje ya kunde, kilichochomelewa kwenye butoni ya pili. Akaeleza kwamba hicho ndicho kinachokula sauti kali kikifunguliwa njia. Akagusa hapa, akagusa pale, akapuliza vumbi. Akawasha redio, akapiga uzi, akazungusha. Akainua kichwa, akawatazama.

"Mumeniitia nini?" aliuliza.

"Butoni ya pili, fundi," alisema Emile. "Imekufa."

Abdallah akapiga tena, akazungusha polepole kutoka mwanzo hadi mwisho. Bulaimu alitikisa kichwa. Michel alitikisa kichwa.

Kule nyuma, bila kugeuka, kisu kikiwa kwenye ndizi, Sidonie akasema: "Ile ya kwanza ilikuwa muzuri zaidi. Hii inakwaruza."

Hakuna mwanamume aliyejibu. Si kwamba walimdharau. Hawakumsikia. Abdallah peke yake aligeuka. Alimtazama dada yangu, akawatazama wanaume. Halafu akazungusha butoni tena, akapiga.

"Na sasa, mama?"

"Inarudi nene."

"Na sasa?"

"Kali. Inaumiza meno."

Hapo wanaume waliona midomo inacheza wakageuka wote. Emile akasema wanatania. Abdallah akaniita na mimi, akanitaka nigeuke niangalie moto, na kila alipozungusha nilimwambia nene au kali, na sikukosea hata mara moja, na si ujuzi, ni masikio tu ambayo Mungu humpa kila mtu. Nilipogeuka nilimkuta Emile ananitazama kama mtu aliyeona mke wake anasoma Kilatini.

Abdallah alizima redio. Akatoa saa yake ya mfukoni, akaiweka kwenye sikio la Emile.

"Inasema nini?"

"Haisemi kitu. Imesimama."

Akaiweka kwa Michel. Imesimama. Akaja kwangu akaiweka, nikaisikia inakimbia, tik tik tik, safi kabisa. Mwisho akaiweka kwenye sikio la Bulaimu, upande huu, halafu upande ule. Bulaimu hakusema imesimama. Alimtazama mzee usoni tu.

"Butoni iko muzima, lakini..." alisema Abdallah. Akaanza kufunga kifuniko cha gitaa, parafujo moja moja, na hakumaliza sentensi yake. Hakukuwa na haja ya kuimaliza.

Wanasema sikio halilali na njaa. Ya hawa wanaume yalilala na njaa miaka, na sisi tuliolala nao kitanda kimoja tuliita kiburi. Nilikasirika siku ile, na sikujua nimkasirikie nani. Nilimwuliza Emile kwa nini hawakuziba masikio hata siku moja, watu wanaoshinda ndani ya pamba, wanaotoka na pamba kwenye nywele na kwenye nyusi. Nililazimika kuuliza mbele ya uso wake, polepole.

"Pamba si yetu," alisema. "Mutu wakimukuta nayo hata kidogo, ni wizi."

Abdallah alikataa kulipwa, akaenda kuswali. Michel na wengine wakaondoka mmoja mmoja, bila utani wa kuagana. Emile aliibeba betri kuirudisha. Nilibaki nikiosha sufuria, Sidonie na ndizi zake, na Bulaimu kwenye kiti, gitaa miguuni, kidole gumba juu ya ile butoni ya pili, anaipeleka na kuirudisha, anaipeleka na kuirudisha, hata waya haujachomekwa.

Halafu akaita. "Mama Asani."

Sidonie akaenda akasimama mbele yake.

"Weye uliacha kuimba siku gani?"

Dada yangu hakuelewa. "Kuimba wapi?"

"Kwenye kinu."

Kisu kilikuwa bado mkononi, akakiweka chini kwanza. "Baba Asani, mie sikuacha. Walipoondoa kilio niliimba kesho yake. Leo asubuhi niliimba."

Bulaimu alikuwa anaangalia midomo yake kwa makini, nadhani akitaka kuwa na hakika kwamba ameisoma sawasawa. Alimwomba arudie. Akarudia.

"Hata ile siku ulileta gitaa," alisema Sidonie. "Ulipiga ule wimbo wa zamani. Niliimba nawe jikoni mpaka mwisho. Hukugeuka. Ukakula, ukalala. Nikasema huyu hapana kunitaka tena. Nilizani kila ukinisikia unamukumbuka mutoto, na unakasirika."

"Mie nilizani hunisamehe."

"Nikusamehe nini?"

"Ile siku ya mashine."

Sidonie alikaa chini palepale kwenye vumbi, na kitambaa chake cha Jumapili. Akalia kidogo, bila kelele. Bulaimu naye akalia, kwa kelele, kwa sababu hakujua ukubwa wa sauti yake. Mimi nilitazama sufuria. Miaka yote ile walikuwa wamelala mgongo kwa mgongo, kila mmoja anamngojea mwenzake, na kati yao hapakuwa na kosa lolote. Nilihisi uchovu ambao sijawahi kuuhisi shambani.

"Imba," alisema Bulaimu.

Desturi ya Wamaza ikafa hapo uani kwangu, na hakuna aliyeikalia kilio. Sidonie akafuta uso, akaimba wimbo aliokuwa akimbembelezea Asani. Aliimba kwa sauti yake ile nyembamba, ya juu, na mimi mwenye sauti ya kufukuza padri nilisimama na maji yakinichuruzika viganjani. Haikuwa imeharibika hata kidogo. Bulaimu alitega sikio moja, akatega la pili, akasogeza kiti. Macho yake hayakutoka kwenye mdomo wa mke wake. Akatikisa kichwa.

Sidonie akashusha sauti. Akaimba upya, chini kidogo. Bulaimu akatikisa kichwa. Akashusha tena. Mkono wa Bulaimu ulikuwa umeanza kuzungusha butoni ya pili kuelekea upande wa nene, bila yeye kujua, nadhani. Dada yangu akashuka mpaka mahali ambapo sauti yake haijawahi kufika, mpaka ikawa ya kukwama, ya mtu mwenye kifua, karibu ya mwanamume. Hapo Bulaimu akainua mkono.

"Hapo," alisema. "Hapo nakusikia."

Akaimba hapo mpaka mwisho wa wimbo. Bulaimu alifumba macho, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuonekana mtu aliyechoka.

Kesho yake kiwanda kilipopiga king'ora alikwenda kazini kwa miguu, kama kila siku. Hapakuwa na kazi nyingine. Sidonie alimziba masikio na pamba aliyoifumua kutoka kwenye mto wao wa kulalia, ambayo haikuwa ya kiwanda. Kapita aliitoa getini, kwa sababu mtu aliyeziba masikio hatasikia amri. Bendi iliendelea kupiga Jumapili. Kabla ya kila dansi Sidonie alikuwa akipanda mbele, anageuza butoni ya pili mpaka pale inapostahili, anaifunga na uzi ili mkono wa mtu usiiguse, na watu wa Kasongo wakasema kumbe lile gitaa ni zuri. Mgiriki hakuna aliyekwenda kumwomba radhi.

Nyumba yao haikunyamaza tena. Kila asubuhi unasikia mchi, na juu ya mchi ile sauti nzito ya kukwaruza, na Bulaimu kizingitini na kikombe chake. Majirani waliuliza kama Mama Asani ana mafua yasiyopona. Bulaimu mwenyewe humwambia kila mtu kwamba mke wake alianza tena kuimba mwaka ule wa gitaa. Mimi simbishii, lakini najua ndio mwaka alioacha. Ile sauti yake, iliyomfanya mtu aje kwa baba kabla hajaona sura, sijaisikia tena.

Nilimwambia siku moja, tukitwanga pamoja, mume wake akiwa kazini na hakuna wa kutusikia. Nilimwambia, dada, imba kidogo kama zamani, mimi ninaisikia.

"Imekwisha kunizoea hii," alisema. "Na ile ilikuwa ya Baba Asani."

Akainua mchi, akaendelea kutwanga.